Sura ya Sita: Kila Dirisha na Ukweli Wake

Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo hupanda na kushuka vilima vya Buha, na upande wa magharibi Burundi haiko mbali. Kiha na Kirundi zinasikilizana. Watu wameoana kuvuka mpaka, wameuziana ng'ombe na maharage kuvuka mpaka, na majina ya koo yapo pande zote mbili. Ndiyo maana swali la "wewe ni wa wapi?" lina uzito huku kuliko lilivyo nao Dodoma au Mtwara. Mwenyeji anayeomba kitambulisho cha taifa anaweza kuhojiwa na Uhamiaji kuhusu baba alizaliwa wapi na babu alizikwa wapi kabla NIDA, mamlaka ya vitambulisho, haijampa namba. Kuwa Mtanzania ni jambo moja. Kulithibitisha ni jingine, na lina foleni yake.

Ndani ya wilaya hizohizo kuna watu ambao kujithibitisha ndiyo kazi yao ya kila wiki. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015, baada ya Warundi kuanza kumiminika kuanzia Aprili mwaka huo, pale Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kuwania muhula wa tatu. Mkimbizi huko hupita kwenye madirisha mengi. Dirisha la mgao linataka kujua kama kaya yake imeandikishwa, ina watu wangapi, na kama mwezi huu haijachukua chakula. Mlinzi wa geti anataka kujua kama kibali cha kutoka bado kiko hai, maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Zahanati inataka kujua kama mtoto ametimiza umri wa chanjo fulani. Shule inataka kujua darasa alilofikia.

Kila dirisha linahitaji ukweli mmoja, pengine miwili. Lakini kila dirisha hukabidhiwa kadi nzima, na nyuma ya kadi hiyo kuna faili lenye jina, wazazi, kijiji alikotoka, alama za vidole, na mara nyingi sababu iliyomkimbiza kwao. Sura hii inahusu hisabati inayoweza kuutenganisha ukweli unaohitajika na faili lililobaki. Nitaiita uthibitisho usiofichua. Nimechagua kuuweka kwenye mizani ya Kasulu na Kibondo kwa sababu huku mtu akifichuliwa isivyostahili, madhara yake hayaishii kwenye matangazo ya biashara yanayomfuata kwenye simu.

Daftari linapogeuka

Tuanze na jirani. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandikisha Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa makarani wa wakati ule ilikuwa njia ya kupanga kodi na kazi. Vitambulisho hivyo viliendelea kutolewa baada ya uhuru, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja kwenye kadi lilitosha kumfanya mtu auawe. Aliyeliandika neno hilo hakuwa na mpango wa mauaji hayo. Aliandika tu jambo ambalo halikuhitajika kwa kazi yake, likakaa likisubiri wa kulitumia.

Wakimbizi kutoka Rwanda waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994 na kuingia Ngara, kaskazini mwa Kibondo, walikadiriwa kuwa robo milioni kwa siku moja hivi. Hapo tunakutana na upande wa pili wa shilingi, nao ni wa haki pia. Katika kambi za Ngara na za Goma, viongozi waliowatawala watu wao tangu Rwanda walizidisha majina kwenye orodha, wakashika mgao, na chakula kikawa silaha ya kuwatiisha wanyonge. Anayedai mashirika yaache kuhesabu watu hajaona orodha hewa inavyomnyima chakula mjane asiye na mtetezi. Kuhesabu ni lazima. Shida iko kwenye kukusanya zaidi ya hesabu.

Kenya imetupa mfano mpole zaidi lakini wa muda mrefu. Wakati wa ukame, Wakenya wengi wa jamii ya Kisomali walijiandikisha kwenye kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Watoto wao walipofikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ilisoma alama za vidole na kujibu kwamba hawa ni wakimbizi. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho, bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina lao. Daftari lilijibu swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza siku ile ya njaa.

Hata shirika lenye nia njema linaweza kupoteza lilichokabidhiwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Wengi wao walikuwa wametenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji au maafa, au wamefungwa. Zilikuwa taarifa za huduma ya kutafuta ndugu, ileile ambayo mkimbizi wa Nyarugusu huitegemea anapomtafuta ndugu aliyepotelea upande wa pili wa Ziwa Tanganyika.

Baki ya ishirini na tatu

Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walichapisha makala iliyouliza swali lililoonekana la kipuuzi: je, ninaweza kukuridhisha kwamba jambo ni kweli, na wewe ukaondoka hujajifunza kitu kingine chochote isipokuwa kwamba ni kweli? Walionyesha kwamba inawezekana. Goldwasser na Micali walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012, heshima ya juu katika sayansi ya kompyuta.

Msomaji asiniamini kwa maneno. Achukue kalamu. Hesabu ifuatayo ilipangwa na Mjerumani Claus Schnorr mwaka 1989, nami nimeipunguza mpaka itoshee kwenye karatasi.

Kanuni ni moja: kila jibu tunaligawa kwa 23 na kubakiza baki tu. Mama mwenye kadi ya kielektroniki ana namba yake ya siri, 7. Siku ya kuandikishwa, kadi yake ilikokotoa 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128. Ukigawa kwa 23, baki ni 13. Namba 13 imebandikwa hadharani, kila mtu anaiona. Kutoka 7 kwenda 13 ni rahisi. Kurudi kutoka 13 hadi 7, kwa namba ndogo kama hizi, utajaribu moja moja na utafika. Kwa namba zenye tarakimu 600 na zaidi, zinazotumika kwenye mifumo halisi ya aina hii, kompyuta za leo haziwezi.

Mama anafika dirishani. Kadi yake inachagua namba nyingine bila mpangilio, tuseme 5, na kuificha. Inakokotoa 2 kwa kipeo cha 5, yaani 32, baki 9. Inampa karani 9. Sasa karani anachagua swali lake, namba yoyote, tuseme 3. Kadi inazidisha siri 7 kwa 3, inapata 21, inajumlisha ile 5 iliyofichwa, inapata 26. Vipeo vya 2 kwenye hesabu hii hurudia kila baada ya hatua 11, hivyo 26 ni sawa na 4. Kadi inajibu: 4.

Karani anakagua. Upande wa kwanza, 2 kwa kipeo cha 4 ni 16. Upande wa pili, anachukua 13 iliyobandikwa, anaipandisha kwa kipeo cha swali lake, 3. Inakuwa 2,197, baki 12. Anaizidisha kwa ile 9 aliyopewa mwanzo, anapata 108, baki 16. Kumi na sita kwa kumi na sita. Mama anaijua siri.

Je, tapeli asiyeijua 7 angepita? Angepita tu kama angebahatisha swali la karani kabla ya kutoa namba yake ya kwanza. Kwenye mfano wetu ana nafasi moja kati ya 11. Kwenye mfumo halisi nafasi hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna wa kuitegemea. Na karani, ameambulia nini? Ana 9, 3 na 4. Lakini namba hizo tatu angeweza kuzitunga mwenyewe usiku nyumbani kwake: achague 3 na 4 kwanza, kisha atafute kwa kurudi nyuma namba ya mwanzo itakayolinganisha pande mbili. Atapata 9 bila kuijua siri. Kwa kuwa angeweza kuyatunga mazungumzo hayo bila msaada wa mama, mazungumzo hayo hayakumpa chochote cha ziada. Kilichomridhisha ni mfuatano: mama alijifunga kwa 9 kwanza, swali likaja baadaye. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa imekatwa na mpangilio wa zamu.

Mwaka 1986 Oded Goldreich, Micali na Avi Wigderson walionyesha kwamba, ilimradi kuna usimbaji fiche ulio imara, mbinu hii haikomei kwenye namba moja ya siri. Dai lolote ambalo ushahidi wake unaweza kukaguliwa kwa haraka linaweza kuthibitishwa bila kuufunua ushahidi. "Nimezaliwa kabla ya tarehe fulani", bila kutaja tarehe. "Kaya yangu ina watu wasiopungua sita", bila majina yao. "Kibali changu kilisainiwa na ofisi yenye mamlaka na hakijaisha muda", bila kusema ninakwenda wapi. Kila dirisha lipewe ukweli wake.

Daftari lisilofutika

Watu wengi wakisikia blokicheni hufikiria sarafu, na Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kuhusu sarafu hizo Novemba 2019. Tuweke sarafu pembeni. Blokicheni ni daftari lenye nakala kwa watu wengi, ambalo kila ukurasa umefungwa kwa alama ya kihesabu ya ukurasa uliotangulia, hivyo anayebadilisha mstari wa jana anavuruga kurasa zote za leo na kila mwenye nakala anamwona. Mtandao wa Bitcoin ulianza kufanya kazi hivyo Januari 2009.

Sifa hiyo ina thamani pale ambapo wadau hawaaminiani kikamilifu. Kwenye kambi wadau ni Serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, wafadhili wa mbali, wakandarasi wa usafirishaji, na wakimbizi wenyewe. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililijua hilo. Januari 2017 lilijaribu mfumo wake uitwao Building Blocks kwa watu wachache mkoani Sindh, Pakistan, na Mei mwaka huohuo likaupeleka kambi ya Azraq, Jordan, kwa wakimbizi 10,000 wa Syria. Mnunuzi alitazama kamera dukani, mboni ikatambuliwa, malipo yakaandikwa kwenye daftari. Wabunifu waliyaacha majina nje ya daftari, na daftari lenyewe lilikuwa la ndani, si la kila mtu.

Tahadhari hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu sifa inayolifanya daftari kuaminika ndiyo inayolifanya hatari. Halifutiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inampa mtu nafasi ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Ukiandika jina la mtu kwenye daftari lisilofutika, umeiondoa nafasi hiyo siku ya kwanza. Kuliandika kwa msimbo hakusaidii sana, kwani msimbo wa leo unaweza kufunguliwa miaka thelathini ijayo, na nakala bado zitakuwepo.

Hapo ndipo uthibitisho usiofichua unapokutana na blokicheni. Mwaka 1986 Amos Fiat na Adi Shamir walipata njia ya kumwondoa karani anayeuliza: swali linakokotolewa kutoka kwenye namba ya kwanza yenyewe, kwa fomula ambayo hakuna anayeweza kuielekeza atakako. Uthibitisho unakuwa kitu kinachoweza kubandikwa na kukaguliwa na yeyote, saa yoyote. Mwaka 2016 Jens Groth alifikisha ukubwa wa uthibitisho wa dai gumu kwenye kiasi kisichozidi meseji mbili za simu. Mwezi Oktoba mwaka huo Zcash ikawa sarafu ya kwanza kubwa kutumia hisabati ya aina hii: daftari ni la wazi, lakini mtumaji, mpokeaji na kiasi vinaweza kufichwa, na bado kila mtu anahakiki kwamba hakuna aliyetumia asichonacho.

Hatua kumi na saba

Tuuwazie mfumo huo Nyarugusu. Orodha ya kambi inapangwa kama ukoo uliogeuzwa: majina mawili mawili yanaunganishwa kuwa alama moja, alama mbili kuwa moja, mpaka inabaki alama moja juu kabisa. Orodha ya majina 131,072, karibu na idadi ya wakazi wa Nyarugusu ya miaka ya hivi karibuni, inahitaji ngazi 17 tu kufika kileleni. Alama ya kilele ndiyo pekee inayobandikwa kwenye daftari la pamoja. Haina jina la mtu hata mmoja ndani yake, lakini ukibadilisha herufi moja ya jina lolote, kilele kinabadilika.

Mama akifika kwenye mgao, kadi yake inathibitisha kwamba inaijua njia ya hatua 17 kutoka kwenye jina fulani hadi kilele, bila kusema jina ni lipi. Pamoja na hilo inatoa namba ya zuio, inayokokotolewa kutoka kwenye siri yake na mwezi wa mgao. Akirudi dirisha la pili siku hiyohiyo, namba itakuwa ileile na mashine itakataa. Mwezi ujao namba itakuwa nyingine kabisa, na hakuna atakayeweza kuiunganisha na ya mwezi huu. Mfadhili aliye Brussels au Washington anaweza kuhesabu uthibitisho na kujua kwamba kila gunia lilipokelewa na kaya iliyo kwenye orodha, mara moja tu. Kama Mama alikuwepo Machi na hakuwepo Aprili, hilo si la mfadhili kujua. Serikali ya nchi aliyoikimbia nayo hailijui.

Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha EPFL cha Lausanne, wakishirikiana na Msalaba Mwekundu, walichapisha mfumo wenye roho hiyohiyo: taarifa za kaya zinakaa kwenye kadi au simu ya mwenye kaya, kituo kinazuia marudio, na wakaguzi wanahakiki jumla bila kuwaona watu. Mfumo huo haukujengwa juu ya blokicheni. Ni jambo la kuzingatia kwa kila ofisa anayeletewa mauzo ya teknolojia hizi. Ulinzi wa mtu unatoka kwenye uthibitisho. Daftari la pamoja linaongezwa pale tu ambapo wadau wanaogopa mmoja wao atabadilisha hesabu kimyakimya.

Mahali hesabu inapoishia

Machi 2018 mhandisi wa Zcash, Ariel Gabizon, aligundua kasoro kwenye hesabu ya msingi ambayo ingemwezesha anayeijua kutengeneza sarafu bila kikomo, na hakuna ambaye angeona. Ilirekebishwa kimya Oktoba mwaka huo, ikatangazwa Februari 2019. Funzo lake kwa kambi ni zito. Mfumo unaomficha mtu mwema unaficha pia wizi ukitokea, hivyo magunia ghalani lazima yaendelee kuhesabiwa kwa mikono.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na hakuna mhandisi wa kuirekebisha. Uthibitisho usiofichua huthibitisha kwamba orodha inasema hivyo. Haujui kama orodha inasema kweli. Mtoto aliyeachwa nje siku ya uandikishaji hana njia ya hatua 17, na mashine itamkataa kwa usahihi kamili. Mtu wa kijiji cha mpakani ambaye Uhamiaji hawajaridhika naye hawezi kuthibitisha saini ambayo hakuwahi kupewa.

Kenya iliona kwa sura nyingine kwamba hesabu pekee haitoshi. Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulizindua rasmi sarafu yake, ikitolewa kwa waliokubali kupigwa picha ya mboni, na Nairobi watu walipanga foleni kwa sarafu zenye thamani ya takribani shilingi 7,000 za Kenya. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na uthibitisho usiofichua wa kisasa. Serikali iliusimamisha mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za maumbile zilizokusanywa zifutwe. Mbele ya mahakama ubora wa hisabati haukuwa hoja iliyoamua. Hoja ilikuwa ridhaa: watu waliambiwa nini, walilipwa kwa nini, na nani alikagua athari kabla ya mashine kuwashwa.

Kwa hiyo yeyote atakayeleta mfumo huu Kasulu au Kibondo aulizwe maswali matatu kabla ya kuonyesha mashine. Nani anasaini ukweli wa kwanza, na aliyekataliwa anakata rufaa wapi, kwa lugha gani, ndani ya siku ngapi? Aliyepoteza kadi au simu anakula nini wiki hiyo? Na alama za vidole zilizochukuliwa siku ya kuandikisha zinafutwa lini, mbele ya shahidi gani? Hayo yana majibu ya kiofisi, na yanaweza kuandikwa kwenye mkataba kwa Kiswahili cha kawaida. Yakikosa kuandikwa, hisabati ya Goldwasser na Schnorr itafanya kazi yake barabara: italinda siri za walioingizwa kwenye orodha, na haitakuwa na la kumwambia aliyeachwa nje.